Utani wa wanahisa kampuni ikizama: kila mzaha una ukurasa wake kwenye hesabu

Mhasibu_Makole (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa alizeti ukipita bila gawio, makundi ya WhatsApp ya wanahisa wa viwanda vidogo vya kukamua mafuta, kuanzia Dodoma mjini, Kongwa hadi Singida hujaa mizaha ya msiba. "Hisa zetu zimebaki za kufungia karanga." "Tunaenda mkutano mkuu au arobaini?" "Gawio la mwaka huu ni mashudu, kila mtu aje na ndoo yake." Sikatazi mtu. Mwenye hela iliyozama ana haki ya kucheka apate usingizi.

Nilichogundua kwa kuzisoma hesabu za kampuni hizi ndogo ni kwamba mzaha huwa umeshasema ukweli kabla ya ripoti ya mkaguzi. Wanahisa wanajua kitu, ila hawajui kipo ukurasa gani. Kwa hiyo uzi huu ni wa kazi moja: leteni utani unaozunguka huko mliko, tuutafutie karatasi yake. Mizania, leja ya wadaiwa, rejista ya BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), daftari la kiwandani, popote ulipo.

Naanza na mmoja: "Kampuni yetu ni kama korongo la Dodoma, daraja kubwa, maji hakuna." Huu ni taarifa ya mtiririko wa fedha, neno kwa neno. Daraja ni faida iliyoandikwa kwenye karatasi, maji ni fedha taslimu. Kampuni inaweza kuonyesha faida ya milioni 40 huku ikishindwa kulipa walinzi, kwa sababu mafuta yalishachukuliwa na mawakala kwa mkopo na mauzo yakahesabiwa siku yalipotoka getini. Ombeni orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri: wa siku 30, wa 60, wa 90 na waliovuka hapo. Deni la wakala lililovuka siku 90 bila malipo hata kidogo, likateni nusu mnapopiga hesabu zenu. Lililovuka mwaka, liondoeni lote. Halafu angalieni faida imebaki ngapi.

Binti_Kibaigwa

Kwetu wanasema: "Mashine yetu inapumzika kuliko mstaafu." Huo nao una ukurasa?

Fundi wa Kizota

Huo niachieni mimi, dada. Ukurasa wake ni daftari la uzalishaji, na ndio utani mzito kuliko yote kwa viwanda vyetu.

Chukua mtambo wa kukamua tani 10 kwa siku. Ukifanya kazi siku 300 unahitaji tani 3,000 za mbegu. Mbegu inavunwa kuanzia Mei, inamiminika Juni na Julai, na bei iko chini miezi hiyo tu. Asiye na fedha ya kununua wakati huo na ghala la kutunzia, ananunua kidogo kidogo kwa bei ya kupanda, anakamua siku 40, anafunga. Mashine haijaharibika. Mtaji wa kununulia mbegu ndio uliokosekana, na mara nyingi ni kwa sababu wanahisa walimaliza fedha yote kwenye jengo na mitambo.

Tupige hesabu. Bei ni za mfano, wekeni zenu. Mbegu kilo moja 1,000. Mafuta yanatoka asilimia 28 ya uzito, na kwa kuwa lita moja ya mafuta ina kama kilo 0.92, hapo unapata lita 0.304. Lita ikiuzwa 3,500 ni shilingi 1,065. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, asilimia 65 kwa 400 kilo, ni 260. Jumla 1,325. Toa mbegu 1,000, toa umeme, vibarua, madumu na usafiri 150. Kinabaki 175 kwa kila kilo ya mbegu.

Sasa zile gharama zisizojali kama mashine inazunguka: riba, walinzi, mishahara ya ofisi, bima. Tuseme milioni 90 kwa mwaka. Gawanya kwa 175, unapata kama tani 514. Chini ya hapo kila tani mnayokamua haitoshi kubeba mzigo. Mkinunua tani 400 tu, mnapata hasara ya milioni 20 hata kama hakuna aliyeiba dumu moja.

Mhasibu_Makole

Fundi, ongezea nyama kwenye ile asilimia 28. Wanahisa wengi hawajui kwamba ndiyo inayoua.

Fundi wa Kizota

Sawa mkuu. Chuma cha kukamulia kikilika, mafuta yanabaki ndani ya mashudu. Mbegu ikiwa na unyevu mwingi, inateleza badala ya kubanwa. Ikikauka kupita kiasi inasagika unga, na mafuta yanatoka na tope. Kwa kukamua, unyevu wa asilimia 7 hadi 8 unafaa. Mbegu ya kienyeji yenye ganda nene nayo hutoa kidogo kuliko chotara.

Shusha kutoka asilimia 28 hadi 25. Lita zinakuwa 0.272, sawa na shilingi 951. Mashudu yanapanda hadi asilimia 68, sawa na 272. Jumla 1,223, toa 1,150, kinabaki 73. Gawanya milioni 90 kwa 73: unahitaji zaidi ya tani 1,230 ili usipate hasara. Pointi tatu tu za mafuta, na kiwango cha kujikomboa kimezidi mara mbili.

Kuna utani wa Singida kwamba "ng'ombe wa jirani wananenepa kuliko wanahisa". Wafugaji wakigombania mashudu yenu na kuyasifia kwamba yana mafuta, mjue mnawauzia mafuta kwa bei ya mashudu. Siku ya kutembelea kiwanda, msiishie kupiga picha na mtambo. Pimeni kilo 100 za mbegu mbele yenu, zikamuliwe peke yake baada ya mashine kupata moto, pimeni mafuta yaliyochujwa, pimeni mashudu. Mafuta na mashudu pamoja yakaribie kilo 93. Iliyobaki ni uchafu, unyevu na tope. Mkipata 93 lakini mafuta ni 24, tatizo ni mashine au mbegu. Kipimo chenu kikitoa 28 lakini daftari la mwezi linaonyesha 24, mashine haina kosa. Hapo ulizieni stoo na geti.

Mzee wa Nala

Mnawapa watu hesabu nzuri, ahsanteni. Ila mimi naona huu utani wenyewe ndio ugonjwa. Mtu anauliza hesabu za mwaka, anajibiwa na kichekesho, watu 30 wanaweka vicheko, swali limekufa. Kesho yake hakuna anayerudia. Mwenyekiti mwenye akili anaweza kuanzisha mzaha yeye mwenyewe ili muda upite.

Mtani Mwaminifu

Mzee wangu, shikamoo. Unachosema kipo, lakini tusiutupe utani wote. Kwa Wagogo, kama kwa makabila mengi ya nchi hii, mtani msibani ana ruhusa ya kusema ambayo mfiwa hawezi. Anamwigiza marehemu anavyotembea, anataja madeni yake, anazuia kaburi mpaka apewe chochote. Watu wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini mtani huyohuyo anatazamiwa kushika jembe, kubeba maji, kuhudumia wageni. Utani wake una kazi ndani yake, na aliyemchekesha mfiwa hawezi kuondoka kabla ya mazishi.

Makundi ya wanahisa yamechukua kicheko, jembe wakaliacha. Pendekezo langu ni la utaratibu tu. Anayeleta mzaha kuhusu kampuni, chini yake aandike swali moja kwa bodi na tarehe ya kujibiwa. Katibu wa kundi anayakusanya Ijumaa na kuyapeleka kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kwa njia hiyo swali halifi, na kicheko kinabaki.

Mzee wa Nala

Marahaba. Hilo la barua nakubaliana nalo. WhatsApp si kumbukumbu ya kampuni.

Wakili_AreaD

Niingie kwenye ule wa arobaini, kwa sababu hapo sheria imesimama wazi. Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka mkutano mkuu wa mwaka, na kati ya mmoja na unaofuata isipite miezi 15. Bodi ikikaa kimya, wanahisa wenye angalau sehemu ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kupiga kura wanaweza kuitaka iitishe mkutano usio wa kawaida. Hatua zake:

Andikeni hoja za mkutano kwa maneno kamili, kwa mfano "kupokea hesabu zilizokaguliwa" na "kumwondoa mkurugenzi fulani". Msiandike "kujadili hali ya kampuni", hiyo haina cha kupigiwa kura. Wote wanaoomba wasaini. Pelekeni ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, si nyumbani kwa mwenyekiti, na mpate nakala iliyogongwa muhuri. Wakurugenzi wana siku 21 kuanza kuitisha. Wasipofanya hivyo, walioomba wanaweza kuuitisha wenyewe ndani ya miezi mitatu, na gharama halali zitadaiwa kwa kampuni.

Kosa linaloangusha maombi mengi: waliosaini hawafiki sehemu ya kumi kwa sababu wawili watatu kati yao hawamo kwenye rejista ya wanahisa. Kagueni rejista kwanza. Mwanahisa ana haki ya kuiona saa za kazi.

Binti_Kibaigwa

Wakili, kuna mwingine unaosema "mimi mwanahisa hewa". Watu 73 walichanga, risiti wanazo, majina BRELA yako saba.

Wakili_AreaD

Kampuni binafsi kwa sheria yetu haizidi wanachama 50, na hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Kualika umma ni jambo la CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), na kunahitaji waraka wa matarajio ulioidhinishwa, yaani ule unaomweleza mnunuzi hali ya kampuni na hisa anazouziwa. Kwa hiyo 73 waliotafutwa kupitia matangazo ya WhatsApp ni tatizo tangu siku ya kwanza.

Lakini sikiliza hapa, dada, kwa sababu wengi wanalia mahali pasipo pa kulilia. Aliyetoa fedha ya hisa na hisa hazikuwahi kugawiwa kwake, anaweza kuwa na hoja kwamba anaidai kampuni imrudishie, yaani yeye ni mdai. Kampuni ikifilisiwa, mdai husimama mbele ya mwanahisa. Inategemea karatasi: risiti inasemaje, imetolewa na kampuni au na mtu binafsi, kuna fomu ya maombi ya hisa au la. Msikimbilie kushinikiza "tuandikwe haraka" kwenye kampuni inayozama kabla wakili hajasoma hizo risiti. Unaweza kujiandikisha kuingia foleni ya nyuma.

Korongo

Hiyo foleni ielezeni kwa tarakimu. Huku kwetu mzaha ni "kampuni yetu mtori, nyama ziko chini, na chini kuna benki".

Mhasibu_Makole

Aliyeutunga huo anastahili kuwa mfilisi. Tushuke nao taratibu.

Kampuni inafungwa, mali inauzwa. Kiwanja na jengo milioni 180. Mitambo milioni 60, na msishangae: mitambo iliyonunuliwa milioni 150 ikiuzwa kwa haraka inapoteza zaidi ya nusu, maana mnunuzi anahesabu kuing'oa, kuisafirisha na kuifunga upya. Stoo milioni 20. Jumla 260.

Benki inadai 210 na ina rehani ya kiwanja na jengo. Inachukua zile 180 zote. Deni lake la 30 lililobaki linaingia kundi la wadai wa kawaida. Mfukoni zimebaki 80. Gharama za ufilisi zinatangulia, tuseme 15, zinabaki 65. Wanafuata wenye kipaumbele kwa sheria, yaani kodi za serikali na mishahara kwa mipaka iliyowekwa, tuseme 25. Zinabaki 40.

Wadai wa kawaida: wakulima waliokopesha mbegu, wenye magari, wauza madumu na wengineo jumla 90, ongeza 30 za benki, ni 120. Gawanya 40 kwa 120, kila mmoja anapata senti 33 kwa kila shilingi anayodai. Mwanahisa anafuata baada ya hao wote kulipwa hadi senti ya mwisho. Sifuri.

Halafu pale kwenye 90 kuna jambo linalotenganisha ndugu wawili. Mmoja aliongezea kampuni milioni 10 kwa mkataba wa mkopo uliosainiwa, kiasi na tarehe vikaandikwa, na deni likaonekana kwenye hesabu. Atapata kama milioni 3.3. Mwenzake alitoa milioni 10 zilezile akaambiwa "tutaandika baadaye", zikaingizwa kama nyongeza ya mtaji. Hapati kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari yenyewe ni karatasi moja.

Wakili_AreaD

Nyongeza mbili kwenye mtori wa Mhasibu. Rehani ya mali ya kampuni inatakiwa isajiliwe kwa Msajili wa Makampuni ndani ya siku 42. Isiposajiliwa, mfilisi anaweza kuikataa kama dhamana na mkopeshaji akarudi kundi la kawaida. Kwa hiyo ombeni upekuzi wa taarifa za kampuni kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA, muone ni rehani gani imeandikwa, kwa nani, na lini.

Pili, kuna mzaha wa kujifariji: "nilichopoteza nimepoteza, hawana cha kunidai tena." Ni kweli kwa hisa zilizolipiwa zote. Ukiwa umechukua hisa za milioni 10 ukalipia 6, mfilisi ana haki ya kukudai 4. Na kama ulisaini udhamini binafsi wa mkopo wa kampuni, benki inakufuata wewe na nyumba yako, kampuni iwe hai au imekufa. Tafuteni hizo karatasi leo, hasa waliowahi kuwa wakurugenzi.

Korongo

Na tukiambiwa "tuongeze kidogo, msimu ujao tutatoka"? Utani wake ni "tuongeze maji, mchuzi haujaisha".

Fundi wa Kizota

Ulizeni fedha mpya inakwenda wapi. Ikinunua mbegu na kubadilisha chuma kilicholika, inaweza kuwavusha zile tani 514. Ikilipa riba ya nyuma na mishahara ya nyuma, msimu ujao mtaanza na mashine ileile na stoo tupu.

Mhasibu_Makole

Na iingie kwa masharti. Akaunti ya pekee ya mbegu, saini mbili na mmoja awe mwakilishi wa wanahisa, ripoti ya kila wiki ya kilo zilizoingia na lita zilizotoka. Iwe mkopo wenye mkataba, ikiwezekana wenye dhamana iliyosajiliwa. Bodi ikikataa masharti haya manne, mmeshapata jibu la kama mtoe.

Angalieni pia vitu vya TRA na NSSF kabla ya kutoa hata shilingi. Kodi ya mishahara hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kampuni inayoikata kwa wafanyakazi na haiipeleki, inajikopesha kwa serikali, na adhabu na riba zinakua kimya kimya. Ombeni risiti za miezi sita ya mwisho. Na someni aya ya mkaguzi kuhusu shaka ya kampuni kuendelea na biashara. Watu wanaruka moja kwa moja kwenye faida, hiyo aya wanaipita. Mkaguzi mwenyewe mhakikisheni kwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), makao yake makuu yako hapahapa Dodoma.

Dalali wa Hisa

Nimefuatilia uzi, hongereni. Niwakumbushe wenye hisa za kampuni zilizoorodheshwa soko la Dar es Salaam au nje, kwamba foleni ni ileile. Bed Bath & Beyond ya Marekani, wauza vifaa vya nyumbani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Aprili 2023. Wanahisa wadogo mitandaoni waliendelea kununua huku wakitaniana kuhusu hasara zao, na Septemba 29, 2023 hisa zote zikafutwa bila malipo. Wanaopinga hutaja Hertz, kampuni ya kukodisha magari: iliomba ulinzi Mei 2020, na ilipotoka katikati ya 2021 wanahisa wa zamani walipata kitu. Ni kweli, lakini angalia sababu. Mali ya Hertz ilikuwa magari, bei ya magari yaliyotumika ikapanda sana, safari zikarudi, wawekezaji wapya wakashindana kuinunua. Wadai walilipwa kwanza, ndipo kikabaki. Jiulize mali ya kampuni yako ni nini na nani anaigombania.

Kingine ni kusimamishwa. Kenya Airways, ambayo imeorodheshwa pia Dar es Salaam, hisa zake zilisimamishwa kuuzwa Nairobi Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Miaka minne na nusu mwanahisa hana mlango wa kutokea pale. Bei ya mwisho kwenye taarifa yako wakati huo ni kumbukumbu tu, usiihesabu kama mali ya kulipia ada.

Mzee wa Nala

Je, haya mazungumzo tukiyatoa nje ya kundi? Vijana wanapenda kurusha mizaha hadi Facebook.

Wakili_AreaD

Wasirushe, mzee. Kwanza ni biashara: mkulima akisoma "kampuni imekufa" hakopeshi mbegu, na mdai mdogo anakimbilia mahakamani kabla ya wenzake. Kampuni iliyokuwa inaumwa mnaimaliza wenyewe. Pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kusambaza taarifa za uongo kuwa kosa, na mahakama haitajali kwamba uliweka alama ya kicheko mwishoni. Kwa kampuni iliyoorodheshwa, mwenye taarifa ya ndani akiuza au kununua kabla haijatangazwa yuko hatarini zaidi.

Kama hali ni ya madeni tu na kiwanda kinaweza kupona, kuna amri ya usimamizi kupitia Mahakama Kuu, inayozuia wadai kwa muda huku msimamizi akijaribu kuokoa biashara. Inafaa iombwe mapema. Mitambo ikishang'olewa hakuna cha kusimamia.

Binti_Kibaigwa

Mkutano wetu umeitishwa, lakini nusu ya wanahisa wako Dar na Mwanza. Wanasema "tutahudhuria kwa roho".

Wakili_AreaD

Wahudhurie kwa karatasi. Fomu ya mwakilishi ijazwe jina la anayewakilisha, hoja zipi apigie ndiyo na zipi hapana, isainiwe, na ifike ofisi iliyosajiliwa saa 48 kabla ya mkutano. Someni katiba ya kampuni, nyingine zinakubali muda mfupi zaidi. Msimteue mwenyekiti wa bodi kuwa mwakilishi wenu kwenye hoja ya kumwondoa yeye. Na anayekwenda adai kura zihesabiwe kwa hisa kabla hoja haijaamuliwa kwa kunyoosha mikono, kwa sababu mikono 12 ya waliopo ukumbini inaweza kushinda hisa za watu 40 waliotuma fomu.

Binti_Kibaigwa

Fomu nazituma leo. Nitarudi na matokeo ya kilo 100.